Sinia la Mkekani

Mama yao karudi kufundisha Jumatatu,
kaniachia pacha wawili, malenge nusu,
na karatasi kaibandika mlango wa friji:
*Kimoja kimoja. Siku tatu tatu. Chumvi usitie.*

Mimi ni mtu wa sindano. Nadarizi kofia za vito
humu ndani, Langoni, kando ya dirisha,
na miaka yote hii hakuna aliyeniharakisha.
Hawa wana miezi tisa, na wananiharakisha.

Shekuwe hana neno. Umpe malenge, kameza;
umpe ndizi ya kuponda, kameza, na kidole changu juu.
Kiazi kitamu kimemwenea hadi nyuma ya sikio.
Akiona kijiko hupiga makofi, kana kwamba
ameona sinia la harusi likishushwa.

Khuleita hufumba.
Hufumba kama duka saa ya adhuhuri.
Hukitazama kijiko kikija, hukitazama kikirudi,
na nikimvizia akipiga mwayo
huyarudisha malenge yote kidevuni, taratibu,
kwa heshima, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Kliniki waliwaning'iniza, mmoja baada ya mwenziwe,
ndani ya kisuruali cha kupimia.
Muuguzi akaandika, akanyamaza, akaandika.
Tumbo lilikuwa moja, na sasa
kilo nzima imesimama kati yao.
"Baba, huyu wa kike unamlisha?"
Namlisha, nikasema. Njiani kurudi
kila kichochoro kiliniuliza lile lile.

Uji wa wimbi. Papai. Kiini cha yai.
Mtama kwa tuwi jepesi.
Nikakigeuza kijiko punda, punda akaja
akilia barabara nzima ya pwani hadi mdomoni,
mlango umefungwa.
Punda akala mwenyewe.

Bi Maka, nyanya yao, akapiga simu kutoka Faza:
"Mwana hali kijiko, hula mkono wa mtu.
Na mwangalie mato, usimwangalie mdomo."
Nikamwangalia macho.
Hayakuwa kwangu. Hayakuwa kwa kijiko.
Yalikuwa kwa ndugu yake, tangu lini sijui.

Alhamisi nikachoka.
Nikatandika mkeka, nikaweka sinia la bati katikati:
wali wa nazi uliolainika, mbaazi
nilizozimenya maganda moja moja,
na changu niliyempitisha vidoleni mara tatu
kutafuta mwiba, vidole hivi
vinavyoijua ncha hata gizani.
Kijiko nikakiacha jikoni.

Shekuwe akaingia siniani kama mwenye nyumba.
Wali shingoni, wali magotini.
Akashika mbaazi, ikamponyoka; akaishika tena,
akaikagua, na sijui kwa nini, mlafi yule,
akainyoosha kwa dada yake.

Khuleita akafungua.

Sikupiga kelele. Nilizuia pumzi
kama napitisha uzi kitobo cha mwisho.
Akatafuna kwa ufizi na meno yake mawili.
Akaiendea sahani ile ya wote kwa mkono wake mwenyewe,
akachukua ya pili, akaitema,
akachukua ya tatu.

Sisemi amenenepa. Jana kakataa embe,
na Shekuwe kampaka malenge machoni
wakalia wote wawili, na mimi kidogo.
Mama yao aliporudi kaitazama karatasi ya friji.
Umefika wapi?
Nikamwambia: mbaazi, wali, samaki, siku moja, pamoja.
Kanitazama sana.
Kisha kavua viatu, kakaa mkekani,
kamega.

Kofia ya mteja bado. Leo nimeiinua dirishani
nihesabu vito, na kimoja hakipitishi mwanga:
punje ya wali, imekauka,
imekaa sawasawa na mshono.
Nikachukua sindano niitoe.
Nikaiweka chini kwanza.